Ile ya Njano Iko Wapi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kusema hivyo. Nimekulia kwenye mawese. Mtu aliyekulia kwenye mawese pale Rumonge, kwetu Burundi, akakuambia kwamba anamwamini kila mtu, huyo ama ni mwongo, ama mafuta ya kwao huwa yanapungua na hajui kwa nini.

Nieleze kidogo, kwa wasiojua. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, huchemshwa ndani ya pipa mpaka zilainike, kisha hukamuliwa kwa presi ya chuma ambayo wanaume huizungusha kwa kusukuma mti. Kinachotoka ni uji mwekundu wenye mafuta, maji na uchafu pamoja. Uji huo hurudishwa motoni. Mafuta yanapanda juu, maji na mashapo yanabaki chini, na mwenguaji anakuja na bakuli lake kuengua. Hapo ndipo mchezo ulipo. Kati ya mafuta na maji kuna utando mwembamba ambao si mafuta wala si maji. Mwenguaji mjanja huishia juu ya utando huo, akakuambia, "Mama, hapa maji yameshaanza." Wewe unafunga bidoni yako, yaani dumu, unamshukuru, unaondoka. Ukishapinda kona, anarudisha sufuria motoni na kujipatia chupa yake bila jasho.

Ndiyo maana kwetu kulikuwa na desturi ya kukaa na sufuria. Mwenye ngazi huja na kigoda chake kutoka nyumbani, akakaa karibu na moto mpaka bakuli la mwisho lienguliwe. Hata kama mwenguaji ni shemeji yako, unakaa. Hakuna anayekasirika. Asiyekaa ndiye anayesemwa, kwamba ana vya kuchezea. Mama yangu alikaa, mimi nikakaa, na tangu nilipoanza kuwakamulia wengine sijawahi kumwambia mteja wangu yeyote aende nyumbani akapumzike.

Vita vilipokuja, watu wengine wote wakanifikia kwa kushuku. Zamani ukimuuliza mtu sokoni "unatoka wapi?" ilikuwa salamu. Wakati ule ikawa swali la kijeshi. Watu waliangalia viatu vya mgeni kuona vina udongo wa mlimani au mchanga wa ziwani. Walinyamaza ukiingia dukani, wakaendelea ukitoka. Mimi nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, kwa sababu walikuwa wanajifunza ukubwani kitu ambacho mimi nilikijua tangu utoto, na walikuwa wanakifanya vibaya. Walishuku sura. Mimi nilishuku mikono.

Barabara ya Bujumbura ilikuwa inafungwa na kufunguliwa. Magari yalichomwa upande wa Minago, mengine upande wa Muhuta, na malori yakawa yanasafiri kwa msafara wenye wanajeshi mbele na nyuma, siku wakitaka. Dawa zilichelewa, chumvi ilichelewa, na damu, ambayo wakati wa amani ilikuwa inaletwa kutoka mji mkuu ikiwa kwenye barafu, ikawa haiji kabisa.

Tulikuwa na hospitali ndogo pembeni mwa mji, ambayo leo haipo tena. Pale mgonjwa akihitaji damu, familia ilileta mtoaji wake. Mtoaji alilala labo, yaani maabara, mfuko ukajaa, mtu wa labo akaupima, kisha muuguzi akaubeba kukatiza uwanja, na familia nzima nyuma yake, macho yote kwenye mfuko, mpaka utundikwe juu ya kitanda. Ungedhani wanamsindikiza bibi harusi. Lakini walikuwa na sababu. Siku zile hakuna aliyetaka damu ya "watu wale." Watu wale walikuwa akina nani, ilitegemea anayesema ni nani. Kila familia ilitaka kuona kwamba mfuko uliotoka kwa mjomba ndio huohuo ulioingia kwa mpwa.

Halafu mashine ikaletwa. Ilikuja na msafara, zawadi ya wazungu fulani wa misaada, ikiwa imefungwa kwa mablanketi. Kwa kweli zilikuwa mbili. Moja ilikuwa pipa lenye kifuniko kizito ambalo lilizungusha mifuko kwa kasi mpaka sakafu ikatetemeka. Ya pili ilikuwa ndogo, ina ukubwa wa cherehani, nayo ilikuwa inaubana mfuko uliokwisha kuzungushwa na kuigawa damu yenyewe, bila mkono wa mtu. Mtu wa labo, kijana mwembamba wa kijiji cha Gatete ambaye hata kwenye joto la mchana alifunga shati mpaka kifungo cha shingoni, aliifuta vumbi kila asubuhi. Tangu siku hiyo mfuko mmoja mwekundu ukawa unaingia labo, na inatoka miwili: mmoja mwekundu, mmoja wa njano.

Unaweza kukisia maneno yaliyozagaa. Wengine walisema ile ya njano inapelekwa Kongo kuuzwa. Wengine walisema wanajeshi wanaichanganya na bia ili wasichoke kutembea. Jirani yangu mmoja aliapa kwamba ndiyo inayotengenezewa mafuta ya kujipaka ya Ulaya. Mimi niliwaambia waache upuuzi. Mimi nilikuwa na swali moja tu, la mtu wa mawese: kitu kikigawanywa, cha juu kinabaki kwa nani?

Sikutegemea kwamba nitaliuliza kwa ajili ya mdogo wangu.

Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu, na mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea. Aliniita yaya, yaani mkubwa wake, na hakuwa na damu ya kushuku hata kidogo. Aliazima sufuria zangu kwa watu asiowajua. Alipokea senene kutoka kwa askari wa kizuizi cha barabarani na kuzila hapohapo mbele yake, akicheka. Mume wake alikuwa amekimbilia ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi za Tanzania, na hatukuwa na habari zake. Alimwacha na mimba. Yeye alisema mume atarudi. Mimi nilisema tutaona. Tuliishi hivyo, nyumba moja, yeye akiamini na mimi nikifunga milango.

Alijifungua asubuhi, mtoto wa kike, bila taabu kubwa. Taabu ilikuja baadaye. Damu ilikuwa inatoka na haikatiki. Mkunga alimkanda tumbo, akamchoma sindano, akabadilisha vitambaa, na nikaona jinsi alivyoacha kuongea. Mkunga anayenyamaza si dalili nzuri. Mwishowe akaniambia, "Mama, tunahitaji damu. Nani atatoa?"

"Mimi," nikasema. Sikutaka hata aulize mwingine. Damu yetu ilikuwa moja, nilijua, na nisingeruhusu ya mtu mwingine iingie mwilini mwake.

Nililala kwenye kitanda cha labo, mtu wa labo akapima damu yangu, akaona inalingana, akanichoma, mfuko ukajaa. Alipouchomoa nikajiinua.

"Haya, twende tukamutundikie," nikamwambia.

"Hapana, mama. Inapita kwanza mu mashini."

"Ya nini? Damu iko pale, mugonjwa iko hapa ng'ambo ya uwanja."

"Ndiyo kazi tunafanya sasa. Ngojea inje kidogo."

"Mimi siende inje. Niko mwenye damu."

"Humu batu habaingie, mama."

"Basi mimi siko batu," nikasema, nikavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza, nikakaa. Alinitazama, akatazama mfuko, akaona kubishana na mimi kutamchelewesha kuliko kuniacha. Akauweka mfuko ndani ya pipa na kufunga kifuniko.

Nilikaa na damu yangu kama nilivyokaa na sufuria maisha yangu yote. Pipa lilinguruma, likaongeza kasi, likapunguza, likanyamaza. Alipoutoa mfuko nje, moyo wangu uliruka. Ilikuwa mawese! Juu njano safi, inayopenya mwanga. Chini nyekundu nzito, karibu nyeusi. Na katikati, nilijua hata kabla sijaangalia kwamba utakuwepo, utando mwembamba mweupeupe ambao si wa juu wala si wa chini.

Aliuweka mfuko kwenye ile mashine ndogo, akashusha mlango, akabonyeza kitufe, akakunja mikono. Hicho ndicho kilichonikera. Kwenye presi zetu mtu hakunji mikono. Unaona anachofanya, na akitaka kukuibia ni lazima mkono wake usogee. Huyu alisimama tu. Nyuma ya mlango kitu kikabana taratibu, njano ikapanda kwenye mrija wa mpira na kuingia mfuko mwingine, kisha, tak, ikasimama yenyewe.

"Nani ameiambia isimame?" nikauliza.

"Iko na jicho."

"Jicho la nani?"

"Mama weee." Akacheka kidogo. "Ni ka taa kadogo. Nyekundu ikifika pale, kanaiona, kanafunga njia. Mbele, zamani ile, tulikuwa tunabana na mukono, mara inachanganyika, mara tunachelewa. Sasa inajiangalia yenyewe."

"Na ule utando wa katikati?"

"Inabakia na nyekundu."

Akanipa mfuko mwekundu niupeleke kwa mkunga haraka. Ule wa njano akaukausha kwa kitambaa na kufungua mlango wa friji la kugandisha.

Nikasimama pale na nyekundu mkononi. "Kwa hiyo mafuta inabakia kwako, na mimi unanipatia mashapo?"

Kwangu mimi hilo halikuwa tusi, lilikuwa hesabu. Kwenye kila sufuria niliyowahi kuiona, kilicho juu ndicho chenye thamani, na kilicho chini humwagwa kwenye shimo nyuma ya banda. Yeye hakuwa mtu wa mawese, ingawa alitoka Gatete kwenye michikichi mingi. Baba yake alikuwa mvuvi. Hakunielewa.

"Hii nyekundu ndiyo anakosa, mama. Ndiyo inabeba nguvu. Ile ya njano inasaidia damu ishikane. Iko kuna mutu ameungua na moto, ao mama mwengine. Mbele mutu moja alikuwa anasaidia mugonjwa moja. Sasa anasaidia babili. Barabara imefungwa, damu ni kidogo. Kimbia, mama!"

Nilikimbia. Lakini nilichokisikia katika maneno yale yote ni kwamba nusu imebaki.

Nyekundu ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Mchana ulipofika midomo ya mdogo wangu ilikuwa imerudiwa na rangi, damu chini ilikuwa imepungua, akaomba uji na kumnyonyesha mtoto. Mkunga akaanza tena kuongea, akinisimulia habari za binti yake aliyekuwa bwenini. Mtu mwingine angekaa pale ashukuru. Mimi nilimlisha mdogo wangu uji, nikampangusa mdomo, kisha nikaenda kuchukua kigoda na kukiweka nje ya mlango wa labo, mahali ambapo ningeliona friji.

Watu waliopita walinicheka. Mmoja akaniuliza kama nimeajiriwa ulinzi. Nikamjibu kwamba mshahara wangu uko ndani ya friji. Mdogo wangu alimtuma mkunga aniite, nikaenda mara moja, akaniambia, "Yaya, kaa na miye. Achana na ile kitu."

"Niko nakaa kwa ajili yako," nikamwambia.

"Lakini uko kule."

Akanipapasa mkono, akafumba macho. Niliporudi kwenye kigoda changu nilikuwa na uhakika kwamba nafanya jambo jema. Nasema hivi nikijua ni alasiri gani niliyoitumia kutazama mlango wa friji. Inaniuma, na itaendelea kuniuma.

Jua lilipoanza kushuka, ikaja pikapu ya kijeshi na kusimama nyuma ya hospitali. Mlinzi wa hospitali akatokea upande wa labo amebeba sanduku la barafu, lile lenye mkanda wa kuning'iniza begani, akatembea kwa haraka ya mtu asiyetaka kuulizwa. Nikasema moyoni, haya sasa. Niliinuka na kulishika sanduku kwa mikono miwili.

"Fungua!"

"Mama, acha, ni vitu vya shefu."

"Shefu gani? Iko damu yangu mule!"

Askari mmoja akashuka kwenye pikapu, bunduki begani, na mimi nilikuwa nimeshachelewa kuogopa. Mkunga alitoka mbio, mtu wa labo nyuma yake, wote wakiniambia niache. Sikuacha. Askari alitutazama, akauliza kwa Kirundi kuna nini, akachoka na kelele zetu, akafungua kifuniko mwenyewe.

Ilikuwa mikeke. Samaki wazuri, wabichi, wamepangwa vichwa upande mmoja juu ya barafu ya hospitali. Yule askari akaangua kicheko, na mimi pia nikacheka, sikuweza kujizuia. Mlinzi alikuwa anamgandishia shefu, yaani mkubwa wa kambi, samaki wake.

Lakini kicheko kilipoisha, mimi nilikuwa nimezidi kushuku. Nilimgeukia mtu wa labo. "Umeona? Hapa munaiba hata baridi." Alionekana kuaibika kweli, na mimi nilihesabu aibu ile kuwa ushahidi.

Usiku nililala kwenye mkeka chini ya kitanda, nikalala vizuri, jambo ambalo mpaka leo nalishangaa. Asubuhi mdogo wangu aliniamsha. "Yaya," akasema, "kitanda kimelowa."

Damu ilikuwa imeanza upya, na safari hii ilikuwa nyepesi, inatiririka tu. Mkunga aliikinga kwenye kikombe cha kioo, akakiinamisha huku na huku. Haikuganda. Daktari wetu, kijana wa kutoka bara aliyekuwa anaongea Kifaransa na Kirundi tu, aliangalia kile kikombe na kusema neno kwa mkunga. Mkunga akanigeukia.

"Anahitaji ile ya njano."

Sikusubiri sentensi ya pili. Nilivuka uwanja bila viatu. Mtu wa labo aliniona mlangoni, akafungua friji bila kuniuliza, akautoa mfuko. Ulikuwa pale pale alipouweka. Na ulikuwa umeganda, mgumu kama tofali.

"Jana ilikuwa maji!" nikapiga kelele. "Jana ilikuwa maji, ningeibeba na mukono mumoja!"

"Lazima igande, mama, ao inaharibika. Leta maji ya vuguvugu. Si ya moto! Ya moto inaiua."

Hilo nililielewa. Moto mkali unaharibu mafuta pia. Nilileta maji kutoka jikoni kwa wapishi, tukauweka mfuko ndani ya beseni, na yeye akawa anaugeuza taratibu. Njano ilianza kulegea pembeni, katikati bado jiwe. Sijawahi kukaa na sufuria iliyonichosha kama beseni lile. Nilimwambia kila kitu kilichokuwa kifuani. Kwamba isingegawanywa, ingekuwa imeshaingia mwilini mwake tangu jana, yote kwa pamoja, kama Mungu alivyoichanganya. Kwamba mashine yao imemnyang'anya mgonjwa wangu siku nzima. Kwamba mtu anayekunja mikono mbele ya kazi hawezi kujua anachokifanya.

Nilitegemea anibishie. Siku zote alikuwa na jibu. Alibonyeza mfuko kwa vidole kuona barafu iliyobaki.

"Labda, mama," akasema. "Labda ingesaidia. Labda hapana. Sijue."

Wizi ningeweza kupigana nao. Ile "sijue" ilinitia hofu ambayo sikuwa nayo hata mbele ya bunduki.

Njano ikatundikwa, na nikaiona ikiingia yote. Haikutosha. Mtu wa labo akaleta mifuko mingine, ya barafu vilevile, na safari hii mkunga alinisimamisha mlangoni.

"Hizi si zako. Ni za batu bengine. Unakubali?"

"Za nani?"

"Iko namba tu," akasema mtu wa labo.

Niliziangalia. Njano ni njano; haina kabila, haina kijiji, haisemi ilikuwa wapi wakati presi za jirani zangu zilipochomwa. Nilikuwa nimetoa ya kwangu ili kitu kama hiki kisiingie ndani yake. Nikamwangalia mdogo wangu. Midomo ilikuwa imekwisha rangi kabisa. Aliniona nikisitasita, na alinijua.

"Yaya," akasema, "baache."

"Wekeni," nikasema. "Wekeni zote."

Nyekundu nayo ilipungua mwilini mwake. Mimi nilitaka kutoa tena, wakanikatalia, wakasema nitaanguka. Mtu wa labo alikunja mkono wa shati lake, ndipo nikaona kifungo cha shingoni kikiwa wazi kwa mara ya kwanza, akalala kwenye kitanda chake mwenyewe, mkunga akamchoma. Nikarudi kwa mdogo wangu, nikasikia pipa likinguruma ng'ambo ya uwanja. Safari hiyo sikwenda kukaa na mashine. Nilikaa na yeye, nimemshika mkono, na niliwaacha wagawanye walivyotaka.

Tuliongea kidogo. Aliniuliza kama mtoto amenyonya. Aliniambia nisimpe jina la mama, maana mama alikuwa mkali. Nikamwambia atampa jina mwenyewe. Alasiri, kabla ya adhana, mkono wake ukawa mzito ndani ya mkono wangu, na mkunga akanyamaza tena.

Tulimzika jioni ileile kwa haraka, maana saa ya kutotembea usiku ilikuwa inakaribia na watu walitaka kurudi majumbani. Asubuhi nikarudi hospitali kumchukua mtoto. Miguu haikunipeleka kwa mtoto kwanza. Ilinipeleka labo.

Mtu wa labo alikuwa anaifuta mashine. Aliponiona akaweka kitambaa chini.

"Mwihangane, mama," akasema, pole ya Kirundi.

Nilitingisha kichwa. Akavuta beseni kutoka chini ya meza. Ilikuwa sheria yao kwamba mifuko iliyokwisha haitupwi siku ileile, inawekwa kwanza, labda mgonjwa akidhurika waichunguze. Ilikuwa yote mle, iliyonyauka, mingine na wekundu uliokauka kwenye kona, mingine na unyevu wa njano.

"Nilijua utakuja kuuliza," akasema. "Angalia."

Nikavuta kigoda nikakaa. Niliichukua mmoja mmoja. Niliinua kila mmoja dirishani kwenye mwanga, nikaukunja kuanzia juu, nikaukamua kuelekea chini kwa vidole vyangu vyote, kama ninavyokamua makapi ya ngazi kuona kama presi imeacha kitu ndani. Wangu. Ile mingine ya namba tu. Ule wa mtu wa labo mwenyewe. Sijawahi kutafuta wizi kwa bidii kama siku ile. Nilitaka nikute nusu. Nilitaka nikute hata kijiko kimoja kilichobaki, niinuke pale nimshike shati na kupiga kelele mpaka mji mzima uje, kwa sababu mwizi ninajua la kumfanya.

Walikuwa wamempa damu yote. Hata ya wale niliowaogopa, walimpa mpaka tone la mwisho. Nilirudisha mfuko wa mwisho kwenye beseni, na ng'ambo ya uwanja nikamsikia mtoto analia, anataka kunyonya.